Nani Arithi Kiti cha Chini ya Pangaboi?

Kila ifikapo Oktoba, shule za upili za Mombasa huwaandalia watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, siku ya maombi. Wazazi huketi chini ya mahema, shekhe na mchungaji hupokezana kipaza sauti, kalamu huombewa, na mkuu wa shule hutoa nasaha. Hiyo ndiyo kwaheri rasmi. Katika baadhi ya madarasa na mabweni kuna kwaheri ya pili, isiyo na kadi ya mwaliko: wasia wa mzaha. Baada ya masomo ya jioni, mwanafunzi wa Kidato cha Nne husimama na karatasi iliyochanwa daftarini, akasubiri kelele zitulie, kisha akaanza:

"Mimi, mkaaji wa dawati la nyuma karibu na dirisha, nikiwa na akili timamu isipokuwa katika vipindi viwili vya hisabati baada ya chakula cha mchana, nausia kama ifuatavyo. Kiti changu cha chini ya pangaboi nawaachia Kidato cha Tatu, wakigombee kwa amani. Kisingizio cha 'feri ilikwama' nawaachia ndugu zangu wanaovuka kutoka Likoni, lakini wakitumie kwa uangalifu, maana nilikichosha sana."

Darasa huangua kicheko. Mara nyengine mtu mmoja hacheki, na kesho yake mwalimu wa zamu analetewa mashtaka. Ndipo wasia wa mzaha unapopigwa marufuku shule nzima, na mwaka unaofuata unasomwa kwa siri, ukiwa mkali zaidi. Naamini walimu wanaoukataza na wanafunzi wanaoutumia kulipiza visasi wameangukia kosa lile lile: wanachanganya vitu viwili vinavyofanana kwa sura tu. Kimoja ni kuachia. Kingine ni kudhulumu kwa mara ya mwisho kabla ya geti kufungwa. Kuvitenganisha kunataka tujue mzaha wenyewe umejengwa kwa nini.

Sheria inayoigizwa

Kwanza, mzaha huu umepandishwa juu ya sheria ya kweli, na asiyeijua sheria hiyo hucheka nusu. Nchini Kenya mambo ya wasia yamo katika Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981. Kifungu cha 5 chataka mwenye kuusia awe na akili timamu, asiwe mtoto, na anachokiusia kiwe mali yake aliye huru kuitoa. Wasia wa maandishi wahitaji mashahidi wasiopungua wawili. Wasia wa mdomo nao hukubalika mbele ya mashahidi wawili au zaidi, kwa sharti kwamba aliyeutamka awe amefariki ndani ya miezi mitatu.

Mpime sasa kijana wetu. Huenda ana miaka 17, kwa hiyo sheria inamhesabu mtoto. Kiti ni cha shule, na pangaboi pia. Mashahidi anao, darasa zima, lakini baada ya miezi mitatu anatarajia kuwa nyumbani kwao Kisauni, mzima wa afya, akisubiri matokeo. Wasia wake unaanguka kwa zaidi ya kigezo kimoja, na utamu unatoka hapo hapo: lugha nzito ya mahakamani inabebeshwa kiti cha mbao chenye msumari uliochomoza.

Kwa wanafunzi Waislamu, ambao hapa Mombasa si wachache, pana tabaka jengine. Sheria hiyo hiyo ya 160 inaacha mgao wa mirathi yao ufuate sharia ya Kiislamu, na mizozo yao huweza kupelekwa mbele ya kadhi. Huko wasia haupiti theluthi ya mali, na mrithi aliyekwisha kuwekewa fungu lake hausiwi. Maneno ambayo Mtume (s.a.w.) alimwambia Saad bin Abi Waqqas, "theluthi, na theluthi ni nyingi", yanajulikana hadi madrasani. Kwa hiyo mwanafunzi akisoma, "Theluthi ya usingizi wangu nawaachia Kidato cha Tatu, theluthi mbili nimekwisha kuzimaliza katika vipindi vya historia," darasa linacheka mara mbili: kwa sababu ya usingizi, na kwa sababu hesabu imetimia.

Wako wazazi wanaoingiwa na hofu kwamba wasia ni jambo la mauti na halichezewi. Hofu hiyo naielewa. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi inataja mambo matatu ambayo hata mzaha wake huwa kweli: nikahi, talaka na kumrejea mke. Wasia haumo katika hayo matatu. Aya inayouhusu mchezo huu kwa karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni ya 11 katika Surat al-Hujurat, inayokataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Hatari iko katika yale yanayoandikwa ndani, na tutayafikia.

Ukoo mrefu kuliko filamu

Husemwa kwamba vijana wameokota desturi hii kwenye filamu za Marekani. Kweli, huko ina mizizi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, siku ya kuhitimu katika vyuo na shule nyingi za Marekani iliambatana na kusomwa kwa historia ya darasa, utabiri wa darasa na wasia wa darasa. Baadaye wasia ukahamia kwenye gazeti la shule au kitabu cha picha cha mwaka, kila mhitimu akimwachia mdogo wake kabati la vitabu, nafasi katika timu au meza ya kulia chakula. Baadhi ya shule za huko ziliacha kuuchapisha baada ya kugundua kwamba mistari iliyoonekana ya kitoto ilificha matusi ya watu wazima.

Lakini Wamarekani nao waliukuta. Jerome, mwanazuoni wa Kikristo aliyefariki mwaka 420, ameandika kwamba watoto wa shule wa zama zake walikuwa wakiukariri kwa vicheko wasia wa nguruwe. Matini yake ya Kilatini ipo mpaka leo. Mnyama huyo, kabla ya kuchinjwa na mpishi, anagawa viungo vyake: masikio kwa viziwi, ulimi kwa mawakili na wapayukaji, kibofu kwa watoto wa kiume, singa kwa washona viatu. Mwisho anaweka mashahidi saba, kwa kuwa sheria ya Kirumi ilidai saba. Hebu tazama: zaidi ya miaka 1,600 iliyopita mchezo ulikuwa shuleni tayari, na ulishika kanuni ya sheria sawasawa ili kicheko kipate pa kukanyaga.

Mfaransa François Villon naye, katika shairi la 1456 ambamo anajitambulisha kuwa mwanafunzi, alimwachia kinyozi wake nywele zilizokatwa na fundi viatu viatu vyake vilivyochakaa. Hakuwa na kitu, na hilo ndilo alilokuwa akilisema.

Pwani yetu ilikuwa na udongo wa kuotesha mbegu hiyo bila kuagiza kokote. Wasia wa kishairi tunao tangu 1858, Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye akiwa mgonjwa. Huo ni wasia wa dhati na wala hauchekeshi, lakini umetuzoesha kwamba anayeondoka huacha maneno yaliyopangwa. Upande wa kejeli, huu ni mji wa Muyaka bin Haji, ambaye beti zake za mwanzoni mwa karne ya 19 zilirusha vijembe kwa wapinzani wa Mvita, yaani Mombasa, na bado zikahifadhiwa kwa ufundi wake.

Juu ya hayo kuna utani. Nyumba nyingi za Waswahili babu humwita mjukuu wake "mke wangu" na bibi akamwita mjukuu "mume wangu", na hakuna anayeona haya. Katika jamii nyingi za Tanzania watani hufika hata matangani, wakaigiza mwendo na maneno ya marehemu, na wafiwa hucheka huku wanalia. Jambo la kulishika hapa ni kwamba utani una mipaka ya nani kwa nani. Mtani hujulikana kabla ya kufungua mdomo, na anayemtania leo atataniwa kesho. Kwa wasia wa darasani zingatia hilo la pili: Kidato cha Nne hakipo kesho. Anayechomwa hana nafasi ya kujibu. Kwa hiyo mizani imekwisha kulala upande mmoja kabla ya neno la kwanza kusomwa.

Kinachorithiwa hasa

Mwanafunzi akimaliza shule hupewa fomu ya kuondoka. Maktaba wanasaini kwamba vitabu vimerudi, maabara kwamba hakuna chupa iliyovunjwa, stoo kwamba godoro limepokewa. Fomu hiyo yahesabu kila kitu cha shule. Wasia wa mzaha unashughulikia yale ambayo hakuna ofisi yenye safu ya kuyaandika, na hapo ndipo ninapouheshimu.

Chukua hicho kiti cha chini ya pangaboi. Asiyekaa Mombasa atadhani ni mzaha tu. Aliyesoma hapa anajua joto la kaskazi, Januari hadi Machi, shati limegandana na mgongo saa nne asubuhi. Kiti hicho ni cheo. Hakikugawiwa na mwalimu, kilipatikana kwa ukubwa wa kidato, pengine kwa ubabe kidogo. Anapokitangaza mbele ya watu kwamba sasa si chake, mwanafunzi anavua mamlaka hadharani. Vivyo hivyo nafasi ya mbele kwenye foleni ya chakula, kitanda cha dirishani kinachopata upepo wa bahari, na haki ya kula ukoko wa wali wa Ijumaa kabla ya wengine.

Kisha kuna ujuzi. Bomba lipi hutoa maji siku ya mgao. Kisima kipi kina chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu, ukaishia kufua kwa hasira. Ubao upi wa kitanda hung'ata usiku. Kitabu kipi cha maktaba hakina ukurasa wa majibu. Haya ni mambo ya maana kwa mtoto wa miaka kumi na minne aliyeletwa bwenini na sanduku la bati, naye hana pa kuyasoma ila yasemwe na waliotangulia.

Fungu la tatu, nalo ndilo lichekeshalo zaidi, ni tabia. "Uchelewaji wangu nauacha mikononi mwa wanafunzi watatu, kwa sababu mmoja hatauweza." "Sauti yangu ya kwaya naizika, wala asitokee wa kuifukua." Ukitazama mistari hii inayofanikiwa, utaona kitu kimoja: mwiba unamchoma kwanza aliyeandika. Yeye ndiye mchelewaji, yeye ndiye asiyejua kuimba. Warithi wamo tu kama watu wa kupokea mzigo. Kicheko kinaanzia kwake, na ndiyo sababu wadogo wanaruhusiwa kumcheka mkubwa wao kwa mara ya kwanza bila kuadhibiwa.

Walimu pia huachiwa. Sioni ubaya, adabu ikiwepo. "Mwalimu wetu wa Kiswahili tunamrudishia makosa yote aliyoyapigia mstari mwekundu kwa miaka minne. Ayahesabu, yametimia." Mwalimu akisikia hivyo hujua kwamba kazi yake ilionekana.

Mahali unapoharibika

Sasa geuza mwiba. "Namwachia fulani sabuni, maana hajawahi kununua." Mstari ni mfupi, una mdundo, na darasa litacheka. Lakini fulani huyo huenda hanunui sabuni kwa sababu nyumbani hakuna pesa ya sabuni. Jambo alilolificha tangu Kidato cha Kwanza, akiazima kwa zamu ili asiazime kwa mtu mmoja mara nyingi, limesomwa kwa sauti mbele ya watu mia. Hapana kitu alichoachiwa. Amenyang'anywa.

Suala la karo ni gumu kuliko yote. Mombasa ina watoto ambao kila muhula hurudishwa nyumbani kufuata karo. Nikimsikia mwanafunzi aliyefukuzwa hivyo mwenyewe akisema, "Njia ya mkato ya kutoka getini hadi stendi ya matatu nawaachia wenzangu wa karo, naijua hata nikifumba macho," namvulia kofia. Amechukua aibu aliyovishwa akaifanya mali yake. Maneno yale yale yakitoka kwa mtoto ambaye karo yake hulipwa Januari yote kwa mpigo ni ukatili. Hakuna neno hata moja lililobadilika. Kilichobadilika ni kinywa. Ndiyo maana orodha ya maneno yaliyokatazwa, ambayo walimu hupenda kuitunga, haisaidii: haiwezi kuona nani anasema.

Majina ya kupanga ni mtego mwengine. Mwenye jina hilo akiligawa, "jina langu la Bufuu namwachia atakayekuwa na kichwa kikubwa zaidi," ni lake na amelitoa. Lakini kumwachia mdogo jina jipya la kejeli ni kumpachika doa litakalokaa naye muda wote uliobaki shuleni, wakati aliyempachika yuko chuo Nairobi na amesahau. Ile aya ya al-Hujurat inagusa hapa moja kwa moja. Hata sheria ya nchi inagusa: kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinamlinda mwanafunzi dhidi ya mateso na udhalilishaji, wa mwili na wa nafsi pia. Siri za mapenzi, hasa katika shule za mseto, nazipita haraka: zisiandikwe. Binti anaweza kuharibikiwa nyumbani kwa mstari mmoja uliowachekesha wavulana kwa dakika moja.

Siku hizi kuna simu. Bwenini haziruhusiwi, lakini karatasi hutoka getini, ikapigwa picha, ikarushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi wa Bamburi, Majengo na Changamwe kabla ya magharibi. Wasia huu huandikwa kwa ajili ya chumba kimoja chenye watu wanaojuana. Nje ya chumba hicho, "nawaachia moshi wangu wa nyuma ya choo" haionekani tena kuwa habari ya kuchoma mihogo. Ushauri wangu ni kwamba usomwe, usisambazwe, na kila aliyetajwa kwa jina aonyeshwe mstari wake mapema, awe na haki ya kuukata. Mwalimu mmoja anayeaminiwa na wanafunzi akisikiliza mazoezi, anatosha. Marufuku huondoa msikilizaji mwenye busara na kumwacha msomaji mwenye kinyongo.

Deni kwanza

Katika mirathi ya Kiislamu kuna utaratibu ambao ningependa wenye kutunga wasia wa mzaha wauige kama wanavyoiga mengine: mali ya marehemu haigawiwi mpaka madeni yake yalipwe. Deni hutangulia wasia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne ana madeni. Ndoo aliyoiazima Kidato cha Pili. Mia mbili ya mahamri. Lakini zaidi ya vitu, kuna wale wadogo aliowatesa. Katika shule nyingi za Kenya mgeni wa Kidato cha Kwanza aliitwa mono, na kwa jina hilo amefulishwa soksi za watu, amelala chini ya kitanda, ameimbishwa usiku. Aliyefanya hayo hawezi kusimama mwisho wa mwaka akagawa vichekesho kana kwamba kitabu chake ni safi. Aanze kwa kusema: nilikuchotesha maji yangu muhula mzima, nisamehe. Mzaha ukifuata baada ya hapo, unapata mapafu. Nimesema wasia wa kweli wa mzaha humchoma mwandishi kwanza, na hakuna mwiba mkali kuliko huo.

Wenye kipaji cha ushairi wanaweza kuufunga wote katika beti, mizani nane kwa nane, na kwa mji huu sioni umbo linalofaa zaidi. Nimetunga huu uwe kielelezo:

Nawaachia vijana, kifuli bila funguo,
Ndoo mkono haina, tuliyofulia nguo,
Kiti mguu hakina, kukikalia chaguo,
Mali nyengine hatuna, wasia wetu ndo huo.

Vina vinasaidia kwa njia nyengine pia: mtu mwenye hasira hana subira ya kutafuta neno la kumalizia kwa "uo", na mstari wa chuki mara nyingi hufa kwenye mizani kabla haujamfikia mlengwa.

Muda wa haya si mrefu. Mtihani wa mwisho wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa 2023, na walioufanya waliingia Kidato cha Kwanza 2024. Nyuma yao hapakuja Kidato cha Kwanza kingine. Mwaka 2025 walikuwa Kidato cha Pili na bado ndio wadogo wa shule, hadi Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipowasili chini ya mtaala mpya. Darasa hilo la 2024 litafanya KCSE mwaka 2027, la mwisho katika mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya upili na minne ya chuo kikuu. Warithi wao ni Gredi ya 10 na ya 11, ambao wa kwanza wao watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028.

Kidato cha Nne cha 2027, basi, kitakuwa na la kuamua kuliko waliotangulia. Bomba la maji, kiti cha pangaboi, ukoko wa Ijumaa na kisingizio cha feri viandikwe vyote, kwa majina ya warithi. Jina la mono na desturi zake lisitiwe katika orodha. Hao wa Gredi ya 10 hawakuwahi kuitwa Kidato cha Kwanza, na likiachwa nje ya karatasi hiyo halitakuwa na wa kulirithi.